Kabla ya kutuma picha: jinsi ya kupima njia ya mishipa hadi kwenye anyurizimu ya ubongo

"Mzee, nimepima anyurizimu, ni milimita 7. Mbona ripoti imerudishwa?"

Swali hili hunifikia mara kwa mara kutoka kwa vijana wa Kampala, Mbarara, Gulu, hata Arua, na jibu langu halijabadilika. Imerudishwa kwa sababu umepima ghala ukasahau barabara. Dereva wa trela akipewa mzigo wa Kisoro haulizi ghala la huko lina ukubwa gani. Anauliza kona za Kanaba zikoje, na kama trela lake litapinda bila kukwama.

Daktari anayetibu anyurizimu kwa kupitia ndani ya mshipa yuko hivyohivyo. Hafungui fuvu. Anaingia kwa tundu dogo la kinenani au kifundo cha mkono, anapandisha katheta (mrija mrefu mwembamba) hadi tao la aota, yaani upinde wa mshipa mkubwa unaotoka moyoni, anapita shingoni, anapinda kona kali chini ya ubongo, ndipo anafika kwenye kifuko, yaani hiyo anyurizimu. Akifika, kitu cha kwanza anachotaka kujua ni upana wa mlango wa kifuko, kwa sababu ndio unaoamua kama alichokiweka ndani kitabaki ndani. Umbo la njia na umbo la mlango ndiyo mambo mawili anayoyasubiri kutoka kwako. Ukubwa wa kifuko unakuja baadaye.

Nimeandika kwa ajili ya radiografa kijana na daktari wa zamu mwenye CT skani mbele yake na mgonjwa anayesubiri rufaa. Ripoti ya mwisho ni ya daktari wa radiolojia, na uamuzi wa tiba ni wa timu itakayomtibu. Kazi yako ni kuhakikisha picha zinazowafikia zinajibu maswali yao kwa safari moja.

Maneno tutakayotumia

Anyurizimu ni kifuko kinachojitokeza pale ukuta wa ateri ulipodhoofika. Sehemu inayofunguka kwenye mshipa naiita shingo ya kifuko, na nikisema shingo peke yake namaanisha shingo ya mtu, isipokuwa pale tunapopima kifuko. Mshipa ambao kifuko kimeota juu yake ni mshipa mzazi. Koili ni uzi laini wa platinamu unaojizungusha ndani ya kifuko na kukijaza. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa koili za kuachiliwa za Guido Guglielmi mwaka 1990 huko Los Angeles. Stenti ni bomba la wavu linalokaa ndani ya mshipa mzazi. Kuna pia stenti ya kugeuza mkondo, ambayo wavu wake ni mnene: damu inapita moja kwa moja na kukiacha kifuko kigande chenyewe kwa miezi.

Andaa haya kwanza

- Mashine ya CT inayoweza kutoa vipande vyembamba, chini ya milimita 1. Kwa vipande vya milimita 5 utaona damu iliyovuja, lakini shingo ya kifuko usijaribu kuipima.
- Pampu ya kusukuma kontrasti (dawa inayofanya mishipa ionekane kwenye picha). Kusukuma kwa mkono na sirinji hakutoshi kwa kazi hii.
- Kanula ya kijani (geji 18), au ya waridi (geji 20) mishipa ikiwa midogo, katika mkono wa kulia. Sababu utaisoma kwenye hatua ya 2.
- Majibu ya kreatinini (kipimo cha figo), na historia ya mzio wa kontrasti. Muulize mgonjwa kama anameza metformini, dawa ya kisukari. Figo zikiwa dhaifu sana, daktari huisimamisha, na hairudishwi kabla ya saa 48 na kipimo kipya cha figo.
- Swali la selimundu. Usilipuuze, nitaeleza mbele.
- Kompyuta yenye programu ya kusomea picha inayoweza kugeuza vipande upande wowote na kupima kwa milimita.
- Flashi yenye nafasi ya kutosha, na CD ya akiba. Filamu kubwa za kwenye bahasha ya khaki zinamsaidia mgonjwa kuamini kwamba amepigwa picha. Daktari wa katheta hazimsaidii.

Hatua

1. Kwanza jua kama kifuko kimepasuka. Mgonjwa anayesema kichwa kilimuuma ghafla kama amepigwa rungu, au ambaye ametapika, shingo imekakamaa au amezimia, apigwe CT bila kontrasti kwanza, upesi. Ukiona damu, ambayo kwenye CT huonekana nyeupe, imejaa kwenye mifereji ya chini ya ubongo, piga simu kwa daktari kabla hujagusa kitufe kingine. Usimwambie aende akalipe halafu arudi kesho. Katika hali hiyo hata kusubiri kreatinini ni uamuzi wa daktari, wala si wako. Na andika tarehe na saa kichwa kilipoanza kuuma, maana kati ya siku ya 4 na ya 14 hivi ateri za ubongo hubana kwa kuudhiwa na ile damu. Ateri iliyobana itakupa vipimo vya uongo.

2. Anza kupiga chini ya tao la aota, maliza utosini. Hapa ndipo wengi wanaanguka, na mimi niliwahi kuanguka. Miaka mingi iliyopita, katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, alikuja mama kutoka West Nile, amesafiri usiku kucha kwa basi. Nikapiga kichwa tu, kuanzia chini ya fuvu kwenda juu, nikijisifu kwamba nimempunguzia mionzi. Picha zilikuwa safi kabisa. Wiki mbili baadaye timu iliyokuwa impokee nje ya nchi ikauliza: tao liko wapi? Mama akapanda basi tena, akachomwa tena, akapewa kontrasti tena. Alinisalimia vizuri tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa mtu mzima, kontrasti ya mililita 60 hadi 80 kwa mwendo wa mililita 4 hadi 5 kwa sekunde inatosha, ikifuatwa na salaini mililita 40 hivi. Fuata utaratibu wa kituo chako kama unatofautiana na huu. Mkono wa kulia ni kwa sababu mshipa mkubwa wa vena kutoka mkono wa kushoto unakatiza mbele ya tao. Ukiingilia kushoto, vena hiyo inajaa kontrasti nzito, inawaka kama taa, na miale yake inafunika mizizi ya ateri unazotaka kuziona. Mwambie mgonjwa kwa lugha anayoielewa kwamba atahisi joto mwilini na asimeze mate wakati mashine inazunguka. Anayeogopa hutikisa kichwa, na picha inaharibika.

3. Pima tao. Fungua kipande cha pembeni kinachoonyesha tao lote kama kipini cha mwavuli. Weka mstari wa mlalo juu kabisa ya tao. Kisha pima umbali wa wima kutoka mstari huo kushuka hadi mahali shina la kulia linapoanzia, lile linalogawanyika kuwa subklavia ya kulia (ateri ya mkono) na karotidi kuu ya kulia (ateri kubwa ya shingoni). Linganisha umbali huo na upana wa karotidi kuu ya kushoto:

- chini ya upana mmoja: tao la aina ya I;
- upana mmoja hadi miwili: aina ya II;
- zaidi ya miwili: aina ya III.

Katika aina ya III katheta inapanda kutoka kinenani, inafika juu, halafu inalazimika kugeuka na kushuka kabla ya kupanda tena shingoni. Ukiisukuma, badala ya kwenda mbele inarudi na kuangukia kwenye aota. Tao la namna hii utalikuta zaidi kwa wazee na kwa watu walioishi na shinikizo la damu bila dawa, maana aota hurefuka na kutanuka kwa miaka.

Andika pia kama karotidi kuu ya kushoto inatoka kwenye shina la kulia au inachangia mzizi nalo. Vitabu huliita tao la ng'ombe, na ndiyo tofauti ya tao inayoonekana mara nyingi kuliko zote. (Jina lenyewe ni la kusingizia. Ng'ombe wa Ankole ukimpasua utakuta shina moja tu linalotoa mishipa yote ya mbele, jambo ambalo halifanani na hili.) Kwa kifuko cha upande wa kushoto, tao hili hufanya njia ya kinenani iwe ngumu, na mara nyingi njia ya mkono wa kulia ikawa nyepesi.

Jambo la mwisho hapa: tazama kama subklavia ya kulia inatoka mwisho wa tao na kupita nyuma ya umio. Hali hii ni adimu, lakini asipoijua mtu, ataingilia mkono wa kulia na kujikuta kila mara anaangukia aota ya kushuka.

4. Fuata karotidi na vetebra shingoni. Kama kifuko kiko mbele, fuata karotidi ya upande wake. Kama kiko nyuma, kwa mfano kwenye ncha ya ateri ya basila, fuata vetebra zote mbili (ateri za nyuma ya shingo zinazoungana kuwa basila) na useme ipi ni kubwa. Usiridhike na kusema "ina mapindo". Taja pindo la aina gani:

- mshipa umejipinda taratibu kama herufi S au C;
- umejizungusha duara zima;
- umekunjika kona kali, chini ya nyuzi 90.

Kisha toa kipimo kimoja rahisi. Programu nyingi zina zana ya kufuata katikati ya mshipa. Itumie kupata urefu halisi kutoka tao hadi chini ya fuvu, halafu pima mstari ulionyooka kati ya nukta hizohizo. Gawa wa kwanza kwa wa pili. Mshipa wa milimita 240 unaopita umbali wa milimita 200 una 1.2. Namba hii haimzuii daktari kufanya kazi, ila inamwambia achukue vifaa gani stoo.

Kwa nini mapindo yasumbue? Kila kona inaisugua katheta. Daktari anasukuma waya sentimita moja kinenani, ncha huko kichwani haisogei, kwa sababu nguvu imemezwa na kona. Anasukuma tena. Ghafla nguvu iliyojificha inaachia na ncha inaruka mbele. Ikiruka ndani ya mshipa mpana si neno. Ikiruka ndani ya kifuko chenye ukuta mwembamba kama ganda la kitunguu, inaweza kukitoboa. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa mapindo mengi hutumia katheta tatu, moja ndani ya nyingine, kama antena ya redio ya zamani: nene inabaki shingoni, ya kati inasogea karibu na fuvu, nyembamba ndiyo inayoingia kwenye kifuko. Asipoonywa mapema anaanza na mbili, anakwama, anatoa zote, anaanza upya, na mgonjwa yuko chini ya usingizi muda wote huo.

5. Tazama sifoni. Karotidi ya ndani ikiingia kwenye fuvu hupinda mara mbili nyuma ya jicho, kama bomba la chini ya sinki. Tazama kona ya mbele: je, ni ya mviringo kama U au imebanwa kama V? Chokaa nyeupe ukutani pia iandike. Koili hupita kwenye katheta nyembamba laini yenye tundu la milimita 0.4 hivi, na hiyo hupinda vizuri. Stenti ya kugeuza mkondo kwa kawaida inahitaji katheta yenye tundu la karibu milimita 0.7, ambayo ni ngumu zaidi, na stenti yenyewe ikiwa ndani inaongeza ugumu. Tena ikifunguliwa kwenye kona kali inaweza isifunguke vizuri, ikabaki imebanwa katikati kama soksi iliyosokotwa. Sifoni ya V peke yake inaweza kumbadilishia daktari mpango wote.

6. Sasa pima kifuko. Kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Usipime kwenye picha ya 3D ya rangi. Inapendeza, familia inaipenda, lakini inadanganya: ukisogeza kidogo kiwango cha mwanga, shingo ya kifuko inakua au inapungua mbele ya macho yako. Pima kwenye vipande vyembamba, ukigeuza hadi uone mshipa mzazi na kifuko katika kipande kimoja. Itumie ile ya 3D kutafuta upande wa kutazamia tu.

Chukua vipimo vitatu: upana wa shingo ya kifuko, upana mkubwa kabisa wa kifuko, na kimo kutoka shingo hadi kileleni. Gawa upana wa kifuko kwa upana wa shingo. Shingo ikifika milimita 4 au zaidi, au jibu la mgawanyo likiwa chini ya 2, tunasema shingo ni pana.

Chukua vifuko viwili vya milimita 7. Kimoja kina shingo ya milimita 3: mgawanyo ni 2.3. Koili zinajikunja ndani na mlango mwembamba unazizuia zisitoke, kama mahindi kwenye kibuyu. Cha pili kina shingo ya milimita 5: mgawanyo ni 1.4. Hicho ni bakuli. Ukiweka koili peke yake, kitanzi kinaweza kuteleza kwenye mshipa mzazi, damu ikaganda juu yake, mgonjwa akaamka mkono hauinuki. Cha pili kitahitaji puto la kushikilia mlango wakati koili zinawekwa, au stenti, au kikapu cha wavu kinachokaa ndani ya kifuko, au upasuaji wa kubana kwa klipu. Ona sasa kwa nini "milimita 7" peke yake ilirudishwa.

Ukishamaliza hesabu, andika yanayoonekana kwa jicho: kifuko kimeota pembeni mwa mshipa au kwenye njia panda? Kimeelekea wapi? Kilichoelekea mbele, sambamba na mkondo, katheta inakiingia karibu yenyewe. Kilichogeuka nyuma kinamlazimu daktari apinde ncha ya katheta kwa mvuke wa moto kabla ya kuiingiza, na huikunja kupita kiasi anachotaka, kwa kuwa ikipoa inajinyoosha kidogo. Je, kuna chunusi juu ya kifuko? Chunusi ni dalili kwamba ukuta pale ni dhaifu zaidi, na kwa kifuko kilichopasuka mara nyingi ndipo palipovuja. Je, kuna tawi linalotoka kwenye mwili wa kifuko? Hilo litaje kwa herufi kubwa, kwa sababu kukijaza kifuko ni kuliziba tawi.

Halafu kuna vifuko visivyo na shingo kabisa. Kwetu hapa vinafaa kukumbukwa. Mgonjwa wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi akipata maambukizi ya vali, vipande vya uchafu hurushwa ubongoni na kuota anyurizimu ndogo mbali pembeni, kwenye matawi ya ateri ya katikati, ambako hukuzoea kutazama. Mtu anayeishi na VVU anaweza kuwa na mshipa uliovimba pande zote kama nyoka aliyemeza panya. Na mgonjwa wa selimundu anaweza kuwa na vifuko zaidi ya kimoja, mara nyingi nyuma, pamoja na mishipa yenye mapindo kuliko umri wake. Pale uvimbe usipokuwa na shingo, usiitafute. Pima urefu wa sehemu iliyovimba, na upana wa mshipa kabla na baada yake. Na ukipata kifuko kimoja kwa mgonjwa yeyote, usisimame hapo. Endelea kutafuta cha pili.

7. Pima mshipa mzazi pande zote mbili za kifuko. Stenti huchaguliwa kwa upana wa mshipa, hasa pale ulipo mpana zaidi. Kama kabla ya kifuko ni milimita 4.2 na baada yake ni 2.6, stenti inayokaa vizuri upande mmoja itabana au italegea upande wa pili. Mshipa wa chini ya milimita 2 unampunguzia daktari chaguo kwa kiasi kikubwa. Kwenye njia panda, pima na pembe kati ya matawi mawili.

Stenti ina deni lake pia. Mgonjwa atameza aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, kwa miezi, bila kuruka siku. Kwa aliyetoka kuvuja damu ubongoni, dawa hizo ni hatari, ndiyo maana timu huikwepa stenti pale inapoweza. Kwa asiyevuja, muulize mapema kama dawa hizo zinapatikana mjini kwake na kama ataweza kuzinunua kila mwezi. Swali hili si la radiografa, najua. Liulize tu, uandike jibu.

8. Tazama njia za akiba. Kwenye duara la Willis (mduara wa ateri chini ya ubongo), je, ateri unganishi ya mbele ipo? Sehemu ya kwanza ya ateri ya mbele iko pande zote mbili, au upande mmoja ni uzi tu? Ateri ya nyuma inatoka kwenye basila au bado inalishwa na karotidi kama ya mtoto tumboni? Sentensi mbili zinatosha. Siku timu ikifikiria kuufunga mshipa mzazi wote, watazirudia sentensi hizo.

9. Toa maoni ya mlango wa kuingilia. Ateri ya kifundo cha mkono ina upana wa milimita 2 hadi 2.5 hivi, na vifaa vinene havipendi hapo. Lakini tao la aina ya III, tao la ng'ombe lenye kifuko cha kushoto, au vetebra ya kulia iliyo kubwa, yote yanaufanya mkono wa kulia uvutie. Aota ya tumbo iliyojaa chokaa na mapindo nayo inakisema vibaya kinena. Andika unachokiona, uamuzi uwaachie wao.

10. Andika kwa mpangilio wa safari. Mfano wa kubuni:

*Tao aina ya II, karotidi kuu ya kushoto inatoka kwenye shina la kulia. Karotidi ya ndani ya kushoto ina pindo la S, kipimo 1.2, haina kona kali. Sifoni umbo la U, chokaa kidogo. Anyurizimu ya pembeni kwenye mzizi wa ateri unganishi ya nyuma ya kushoto: shingo 4.1, upana 6.8, kimo 7.5, mgawanyo 1.7, imeelekea nyuma na chini, chunusi moja kileleni. Ateri unganishi inatoka kwenye shingo ya kifuko. Mshipa mzazi 4.0 kabla, 3.4 baada. Ateri ya nyuma ya kushoto inalishwa na karotidi. Hakuna anyurizimu nyingine iliyoonekana.*

Mistari michache tu, lakini daktari aliye Kampala au India anaweza kuagiza vifaa kabla mgonjwa hajapanda gari.

11. Tuma mafaili yote ya DICOM (picha zenyewe kama mashine ilivyozitoa), vipande vyembamba. Hapana, picha ya simu ya skrini iliyotumwa WhatsApp haitoshi, hata kama simu ni mpya. Fungua flashi kwenye kompyuta nyingine kabla mgonjwa hajaondoka, uhakikishe picha zinasogea kutoka tao hadi utosini. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili huonekana zima huku nusu haipo.

Yanayokwama mara kwa mara

*Kuna kijipu kwenye mzizi wa ateri unganishi ya nyuma, sijui ni anyurizimu au la.* Kama kina umbo la pembetatu, hakizidi milimita 3, na tawi linatoka kwenye ncha yake kabisa, huenda ni mzizi mpana wa kawaida. Kama tawi linatoka pembeni na kifuko kina mviringo wake, kishuku.

*Vena zimejaa pamoja na ateri.* Ulichelewa kupiga. Karibu na sifoni itakuwa vigumu kutenganisha, kwa hiyo sema hivyo kwenye ripoti badala ya kukisia.

*Kifuko ni kidogo kwenye CT anjiografia (CT ya mishipa yenye kontrasti), lakini MRI inaonyesha kikubwa.* Ndani yake kuna damu iliyoganda ambayo kontrasti haipiti. Toa vipimo vyote viwili. Koili zikiwekwa, huweza kujisukuma ndani ya ile damu laini, kisha kifuko kikafunguka tena.

*Mishipa yote inaonekana myembamba ajabu.* Rudi kwenye tarehe ya hatua ya 1. Kama ni siku ya 8 tangu kuvuja, huenda imebana. Usimchagulie mtu stenti kwa vipimo hivyo.

*Mgonjwa ana koili au klipu ya zamani.* Chuma kinatoa miale inayoficha shingo ya kifuko. CT haitakusaidia sana hapo; pendekeza anjiografia ya katheta, yaani picha za mishipa zinazopigwa huku kontrasti ikipitishwa kwenye katheta. Njia na tao bado unaweza kuvipima.

*Mishipa miwili inagusana na kuonekana kama kifuko.* Geuza vipande taratibu, kimoja kimoja. Kifuko kina mwisho. Mshipa unaendelea.

*Ndugu wa mgonjwa wanasema wamesoma kwamba koili ni bora kuliko upasuaji.* Huenda wamekutana na habari za utafiti wa ISAT wa mwaka 2002: kwa waliopasukiwa, waliofariki au kubaki tegemezi baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na 30.6 kwa upasuaji. Waambie pia kwamba wagonjwa 9,559 walichunguzwa na 2,143 tu ndio walioingizwa, wale ambao madaktari waliona kifuko chao kinaweza kutibiwa kwa njia zote mbili. Kisha waonyeshe kwenye skrini shingo ya kifuko cha mtu wao.

*Mgonjwa anakuuliza, "Musawo (daktari), mbona mwenzangu aliingiliwa mkononi na mimi wanasema kinenani?"* Mchoree tao lake kwenye karatasi, na la mwenzake pembeni kama unavyolikisia. Mara nyingi huchukua kalamu akaonyesha mwenyewe pale katheta ingekwama.